Simu Mkononi, Akili Njia Panda

MGENI anayeshuka katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, mjini Kigali, hana haja ya kwenda mbali kabla hajakutana na vijana tunaotaka kuwazungumzia leo. Ni waendesha pikipiki za abiria, ambao kwa lugha ya Kinyarwanda huitwa abamotari. Kila mmoja amevaa kizibao chenye namba, ana kofia ngumu mbili, moja ya kichwa chake na moja ya kichwa cha abiria, na kila mmoja ana simu. Simu hiyo ndiyo duka lake na ndiyo mfuko wake wa fedha. Kwayo abiria humwita, kwayo hulipwa nauli, na kwayo hupata salamu za mama, matokeo ya mpira na maneno ya mchumba. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa Uviko, malipo kwa njia ya simu yalihimizwa mno ili watu wasipokezane noti mikononi; ugonjwa ulipopungua, desturi ile haikurudi nyuma.

Basi na tumtazame kijana huyu anapoanza kupanda mlima kuelekea katikati ya mji. Simu ameichomeka ndani ya kofia, baina ya shavu na sifongo, naye anazungumza. Mkono wa kulia umeshika mafuta, mguu uko kwenye breki, jicho moja liko kwenye kioo cha pembeni na la pili linamtafuta askari wa usalama barabarani. Jicho la tatu, lau angalikuwa nalo, pengine lingeitazama barabara. Tuseme kwamba kwenye kivuko cha waendao kwa miguu anamgonga mwanafunzi. Askari anapofika, kijana, huku akitetemeka, anatamka maneno mawili ambayo kila polisi aliyewahi kupima ajali ameyasikia: "Afande, sikumwona."

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa wao ndio wanaoyasikia maneno hayo kuliko watu wengine wote. Wao pia ndio wanaowalea vijana kambini, wanaowapanga zamu na, inapobidi, wanaowaadhibu. Swali letu ni hili: je, kijana huyu anasema kweli? Na ikiwa anasema kweli, je, ametakasika?

MLANGO MMOJA

Vijana wa leo hujisifu kwamba wanaweza kufanya mambo mengi kwa mpigo mmoja. Kijana wa Remera au wa Nyamirambo atakuambia, tena kwa adabu, kwamba sisi tuliotangulia ndio tusioweza. Yeye amekua pamoja na mashine hizi, na kichwa chake kimezoea kusoma somo, kusikiliza muziki, kujibu ujumbe na kutazama picha bila ya jambo moja kulikwaza jingine. Nao ni wengi. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika Rwanda na zaidi ya milioni 1.7 katika mji wa Kigali, na katika nchi nzima walio chini ya umri wa miaka 30 ni zaidi ya watu 6 katika kila 10. Kwa hiyo vichwa tunavyovizungumzia ndivyo vitakavyoendesha magari, ofisi na majeshi ya kesho.

Wataalamu wa saikolojia hawakubaliani na majivuno hayo. Ni kweli kwamba mtu anaweza kutembea huku anazungumza, au kumenya viazi huku anasikiliza redio, maana moja kati ya kazi hizo mwili umekwisha kuikariri na hauhitaji tena kuifikiria. Lakini kazi mbili zinazohitaji fikira haziendi sambamba. Polisi atalielewa jambo hili upesi akiifananisha akili na kizuizi cha barabara chenye mlango mmoja. Magari yanaweza kupanga foleni pande zote mbili, lakini linalopita ni moja, na kila askari anapougeukia upande wa pili hupotea dakika. Mtu anayedhani anafanya mambo mawili kwa pamoja, kwa hakika anaruka kutoka hili kwenda lile na kurudi, tena upesi kiasi cha kutotambua kwamba anaruka. Na kila mruko una gharama yake. Mwaka 1927 Mmarekani Arthur Jersild aliwapa watu orodha za hesabu, akaona kwamba aliyelazimika kubadilisha aina ya hesabu kila baada ya mstari alichelewa kuliko yule aliyefanya aina moja mpaka mwisho. Wakati huo simu ya mkononi haikuwa hata ndoto.

Gharama hiyo, mezani, ni nusu dakika. Barabarani ni jambo jingine. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Toronto, nchini Kanada, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichunguza madereva 699 waliokuwa na simu na waliopatwa na ajali, wakalinganisha saa ya ajali na kumbukumbu za mazungumzo yao. Wakaona kwamba dereva anayetumia simu hukaribia ajali mara nne zaidi ya anapokuwa hatumii. Wakaona na jingine ambalo wengi hawapendi kulisikia: vile vifaa vinavyomwezesha mtu kuzungumza bila ya kuishika simu havikuonyesha nafuu yoyote. Maana yake ni kwamba hatari haimo mkononi, imo kichwani, na kijana aliyeichomeka simu ndani ya kofia amejiokoa na macho ya askari tu.

Hapo huulizwa swali la haki: mbona abiria naye huzungumza na dereva, na hatumkatazi? Jibu lilipatikana katika uwanja wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Washington, Marekani. Ira Hyman na wenzake walimvisha mtu mavazi ya mchekeshaji wa sarakasi, ya rangi ya zambarau na manjano, wakamtia pua nyekundu, wakampandisha baiskeli ya gurudumu moja, wakamwacha azunguke mahali wanafunzi wanapopita. Kisha wakawauliza waliopita kama wamemwona. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2010. Miongoni mwa waliopita peke yao bila ya kifaa chochote, kiasi cha nusu walimwona. Miongoni mwa waliokuwa wawili wawili wakiongea, walimwona 7 katika kila 10. Lakini miongoni mwa waliokuwa wakizungumza na simu, aliyemwona alikuwa 1 tu katika kila 4. Rafiki unayetembea naye anaiona njia unayoiona. Likija lori hunyamaza, na pengine hukuvuta shati. Aliye upande wa pili wa simu hana habari na lori. Yeye anaendelea kudai jibu.

Wale watatu katika kila wanne hawakuwa waongo. Mchekeshaji alipita mbele ya macho yao na nuru yake ikaingia katika mboni. Kilichokosekana ni akili ya kuipokea. Jicho ni mlinzi wa lango tu. Taarifa ikifika ndani na kumkuta mkubwa yuko katika shughuli nyingine, hurudi ilikotoka.

ASKARI ALIYEPITA KANDO YA KIPIGO

Liko tukio moja ambalo tunapenda kila polisi alijue, ingawa halikutokea katika bara letu wala halikuhusu simu. Usiku wa Januari 1995, katika mji wa Boston, Marekani, polisi walikuwa wakiwafukuza watu walioshukiwa kuua. Miongoni mwa wafukuzaji alikuwamo askari mweusi aliyevaa nguo za kiraia, Michael Cox. Askari wenzake walidhani kuwa yeye ndiye mhalifu, wakampiga vibaya mno, na walipotambua kosa lao wakatawanyika na kumwacha chini. Katika dakika hizo hizo askari mwingine, Kenneth Conley, aliruka ua akimfuata mshukiwa, akapita karibu kabisa na mahali pa kipigo, akamkamata mtu wake. Alipoulizwa baadaye, Conley alisema kwamba hakuona kipigo chochote.

Nani angalimwamini? Baraza la mahakama lilikata shauri kwamba anawaficha wenzake, na mwaka 1998 akapatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo, akahukumiwa kifungo cha miezi 34. Hukumu hiyo ilitenguliwa baada ya miaka kadhaa kwa sababu nyingine za kisheria. Cox naye alivumilia, akaendelea na kazi, na mwaka 2022 akateuliwa kuwa mkuu wa polisi wa mji ule ule.

Wataalamu Christopher Chabris na Daniel Simons, pamoja na wenzao, waliamua kulipima neno la Conley. Waliwaagiza watu wamfuate mkimbiaji kwa umbali wa mita 9 hivi, na wahesabu ni mara ngapi anajigusa kichwa. Kando ya njia waliwaweka vijana watatu wanaojifanya kupigana, wawili wakimshambulia mmoja kwa kelele. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Usiku, waliouona ugomvi ule hawakufika hata nusu: walikuwa 35 katika kila 100. Mchana kweupe waliuona 56. Wale waliopewa hesabu ngumu zaidi, ya mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja kwa hesabu yake, walishuka hadi 42. Na wale ambao hawakupewa kuhesabu chochote walipanda hadi 72.

Jaribio hilo halithibitishi kwamba Conley alisema kweli. Linathibitisha kwamba inawezekana. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa haki, na mpelelezi mwema ataishika. Shahidi anayesema hakuona, na hali alikuwa hatua 10 kutoka kwenye tukio, hana budi kuulizwa alikuwa akifanya nini kabla hajaitwa mwongo.

Turudi sasa kwa kijana wetu wa Nyabugogo. Huenda anasema kweli tupu. Huenda mwanafunzi yule hakuwamo kabisa katika ulimwengu wake mpaka pale gurudumu lilipomfikia. Lakini ukweli huo haumtoi hatiani. Unalihamisha kosa kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Yeye hakukosea kivukoni, kwa kuwa kivukoni hakuwa tena na uwezo wa kuona. Alikosea kule chini, kituoni, alipoichomeka simu ndani ya kofia na kuiwasha pikipiki. Pale alikuwa na akili zake timamu na alikuwa na hiari. Mlevi naye haoni vizuri, na hatumsamehe kwa kutoona. Tunamuuliza kwa nini alikunywa akijua kwamba ataendesha.

Tunaona kwamba Polisi ya Rwanda ililielewa jambo hili ilipoanzisha, Mei 2019, kampeni iitwayo Gerayo Amahoro, yaani fikeni kwa amani. Ilikatizwa na Uviko mwaka 2020, ikafufuliwa Desemba 2022, na miongoni mwa mambo iliyoyakemea tangu mwanzo ni simu katika usukani. Katika kampeni hiyo askari walikwenda vituoni, shuleni na katika nyumba za ibada kuzungumza na watu kabla ya ajali, na kabla ya ajali ndipo mahali hasa kosa linapotendeka.

LINDONI

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wamekwisha kusema moyoni kwamba hayo ni mambo ya raia. La hasha. Chanzo cha elimu hii kwa sehemu kubwa ni jeshi lenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na askari ambao kazi yao ilikuwa kukaa ndani ya ndege mbele ya kioo cha rada, wakitafuta alama ndogo ya nyambizi za adui. Ilionekana kwamba vijana hodari, wenye macho mazima, baada ya muda waliiacha alama ipite. Mtaalamu Norman Mackworth wa Cambridge akatengeneza saa isiyo na tarakimu, yenye mshale mmoja unaoruka kila sekunde. Mara chache, bila ya utaratibu unaojulikana, mshale uliruka hatua mbili badala ya moja. Kazi ya askari ilikuwa kubonyeza kitufe aonapo mruko huo, kwa muda wa saa mbili. Nusu saa ya kwanza walifanya vizuri. Baada ya hapo waliikosa miruko mingi zaidi. Mackworth alichapisha habari zake mwaka 1948, na tangu hapo hakuna mkuu wa zamu anayeweza kudai kwamba macho ya mlinzi yanakaa wazi kwa nguvu ya amri peke yake.

Aliona na dawa pia. Walinzi waliobadilishana kila baada ya nusu saa hawakuchakaa. Na hapa pana kichekesho ambacho hatukuweza kukiacha: mlinzi aliyepigiwa simu katikati ya zamu, na mkubwa akamwambia ajitahidi zaidi, alizinduka kwa muda! Lakini simu ile ilikuwa ya waya, ilikuja mara moja tu, nayo ilihusu kazi aliyokuwa akiifanya. Simu iliyomo katika mfuko wa mlinzi wa leo huja mara nyingi, na haizungumzi habari za lindo hata siku moja.

Mlinzi kijana, saa 8 za usiku, kwenye lango ambalo hakuna anayepita, hateswi na usingizi peke yake. Anateswa na uchovu wa kutotokea kwa jambo lolote. Kifaa kilicho mfukoni kimetengenezwa na watu werevu mno kwa ajili ya uchovu kama huo. Hata asipokigusa humfanyia kazi yake. Mwaka 2015 wachunguzi wa Florida, Marekani, walionyesha kwamba mlio tu wa ujumbe, bila ya mtu kuusoma wala kuujibu, uliwakosesha watu katika kazi ya kuangalia kwa makini, maana akili hutoka kwenda kuuliza ni nani huyo. Mwaka ule ule wengine wa Missouri waliwaweka watu 40 mbali na simu zao, kisha wakazipiga wenyewe wakizisikia na wasiweze kuzifikia. Mioyo ilikwenda mbio, shinikizo la damu likapanda, na mafumbo ya maneno waliyopewa kuyafumbua wakayafanya vibaya zaidi. Basi sajini anayekusanya simu za makuruta na kuziacha zikilia ndani ya sanduku hatua tatu kutoka mahali wanapofundishwa, anajidanganya. Azizime, au aziweke mbali zisisikike.

Pamoja na hayo, hatupendi kuonekana tunamlaumu kijana kwa kila kitu. Rwanda ilianza kupeleka askari wake katika kazi za kulinda amani mwaka 2004, walipokwenda Darfur. Askari wa siku zile alikuwa na siku zake za kupata habari za nyumbani, na siku nyingine zote alikuwa Darfur. Miaka iliyofuata, wenzake waliokwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati au Sudan ya Kusini walikuwa na uwezo wa kuuona uso wa mtoto jioni ile ile, huko Kimironko, na kumsikia akikohoa. Hii ni neema, na anayetaka kuwanyang'anya askari neema hiyo hajapata kukaa mbali na wanawe. Lakini ina upande wake wa pili. Aliyesikia kikohozi saa 1 za usiku na kuingia lindoni saa 2 ameupeleka mwili wake tu; masikio yake yamebaki Kimironko. Kamanda mwenye busara atajua ni nani aliyepata habari mbaya kabla ya zamu, na atambadilisha bila ya kumdhalilisha. Wakati bora wa simu ni baada ya zamu, kijana anapokuwa na nafasi ya kuwaza, wala si dakika tano kabla.

Tena wakubwa wasijifiche nyuma ya simu za wadogo. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, katika mji wa Makiivka, mkoa wa Donetsk, makombora ya Ukraine yaliangukia jengo la chuo walimokuwa wamelala askari wa Urusi walioitwa vitani karibuni. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitaja vifo 89, ikasema kuwa sababu kubwa ni askari kutumia simu kwa wingi, kinyume cha amri, na hivyo kumwonyesha adui mahali walipo. Yawezekana. Mkesha wa mwaka mpya, kijana aliye vitani asiyetamani kuisikia sauti ya mama yake hayuko. Lakini waandishi wa habari za kijeshi wa Urusi yenyewe waliuliza ni nani aliyewarundika askari wengi namna ile ndani ya jengo moja, pamoja na risasi na mabomu. Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa kuonyesha simu ya marehemu.

DARASANI NA NYUMBANI

Upande wa shule tutaugusa kwa haraka. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele katika Afrika kuwapa watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo, katika mpango ulioanza mwaka 2008, na Oktoba 2023 simu za kisasa ziliuzwa kwa bei ya faranga 20,000 ili wananchi wa kipato kidogo wazipate. Hatuoni sababu ya kulijutia hilo. Lakini mzazi aliye askari, anayerudi nyumbani mara moja kwa mwezi na kumkuta mwanawe amefungua daftari, simu na redio kwa pamoja, na ajue jaribio moja la Kanada la mwaka 2013. Wanafunzi waliosikiliza somo huku wakifanya mambo mengine katika kompyuta walipata alama chache kuliko wenzao. Hilo halishangazi. Linaloshangaza ni kwamba waliokaa nyuma yao, wasiofanya kosa lolote ila kuviona vioo vya wenzao vikibadilika, nao walishuka, tena kwa kiasi kikubwa. Anayeicheza simu darasani, au katika hanga wenzake wanapojisomea, anawapunguzia watu wasiokuwamo katika mazungumzo yake.

Na je, mashine hizi zinawatia vijana wazimu, kama wanavyosema baadhi ya wahubiri na wazee wa mitaani? Hapo tunaomba tahadhari. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba watu waliozoea kutumia vyombo vingi kwa pamoja ndio walioshindwa zaidi kuyapuuza mambo yasiyowahusu. Lakini majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote, na hata lile la kwanza halikuonyesha kama ni mazoea yaliyoivunja akili au ni akili yenye pupa iliyoyatafuta mazoea. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walipima habari za vijana zaidi ya 355,000, wakaona kwamba tofauti ya furaha na huzuni baina yao haielezwi na matumizi ya vyombo hivi hata kwa sehemu moja katika mia. Basi mtu asije akamwona kijana aliyenyong'onyea akasema ni simu, akaacha kumuuliza habari za njaa, kazi, mapenzi au msiba. Kigali ni mji ambao msiba haujapata kuwa mbali.

Ni mji, vilevile, ambao hauwezi kukichukulia chombo cha habari kuwa mchezo wa watoto. Julai 1993 ilianza kusikika mjini humo redio ya RTLM, iliyopendwa na vijana kwa muziki na masihara yake, na mwaka uliofuata redio hiyo hiyo ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, huku vijana waliosimama kwenye vizuizi wakiwa na redio ndogo karibu na masikio. Tusichanganye mambo: wale hawakukosa kuona. Waliona, wakatenda kwa nia, na mahakama ya Arusha katika hukumu ya tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani hata wakubwa wa redio kwa maneno yaliyotoka humo. Tumelitaja kwa sababu mzazi wa Kigali anaposema kwamba anataka kujua ni nini kinachoingia katika sikio la mwanawe, wageni wasimcheke.

Kwa upande wa barabara, kijana wa pikipiki hawezi kuambiwa aitupe simu, maana tumekwisha kusema kwamba ndiyo duka lake. Anaweza kuambiwa aifungue duka akiwa amesimama. Nauli ilipwe magurudumu yakiwa yametulia na ujumbe wa malipo usomwe hapo hapo, simu itiwe mfukoni na mlio ukatwe, na abiria anayemwita akiwa njiani angoje dakika chache kama watu walivyongoja miaka yote. Abiria naye ana sauti: yeye ndiye mwenye shingo iliyo nyuma, na neno lake "simama kwanza umalize" husikilizwa zaidi ya bango.

Na askari anayeifikia ajali ile ya kivukoni, akiwa na daftari lake, tungependa abadilishe swali la kwanza. Akimuuliza kijana kama alimwona mwanafunzi, atapata jibu lile lile la siku zote, na pengine litakuwa la kweli, na halitamsaidia. Amuulize simu ilikuwa wapi. Amuulize ililia saa ngapi, alikuwa akizungumza na nani, na alikuwa mahali gani alipopokea. Kisha aandike saa hiyo na mahali hapo, kwa wino, juu ya saa ya ajali.